Kusomea filamu, video na picha chuo kikuu cha umma: kuanzia fomu siksi hadi filamu ya mwisho

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu huanza kuita. Wanaopiga ni watu nisiozungumza nao mwaka mzima: mjomba wa fulani, mama wa fulani. Swali lao ni lilelile: "Huyu kijana anasema anataka kusomea kamera. Hivi hiyo nayo ni digrii?"

Ni digrii, na vyuo vya serikali vinaitoa. Naandika haya ili nikiulizwa tena nitume maandishi badala ya kuongea saa nzima. Nazungumzia Tanzania, maana ndiko nilikosoma na ndiko ninakolia mkate wangu. Mzazi anaweza kuruka moja kwa moja hadi kwenye mkopo. Wewe mdogo wangu, soma yote.

1. Jua unaomba nini

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, kina Idara ya Sanaa Bunifu, ambako filamu na televisheni ni jirani wa mlango mmoja na tamthiliya, muziki, uchoraji na uchongaji. Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada inayounganisha tamthiliya na filamu. Picha za mnato mara nyingi utazikuta kama somo ndani ya programu, kwa hiyo kama moyo wako uko huko, omba orodha ya masomo ya miaka yote kabla hujajaza fomu.

Usichanganye mambo haya na uandishi wa habari. Kule kamera ipo, lakini kazi yake ni kubeba habari. Nawajua watu walioingia uandishi wa habari wakitaka kutengeneza hadithi, wakakaa miaka mitatu wakinung'unika. Nawajua pia walioingia filamu wakidhani ni kushuti tu, wakashtuka wiki ya tatu walipoambiwa wasome kurasa 40 za nadharia na kuandika uchambuzi. Nusu ya digrii hii ni kusoma na kuandika. Anayetaka ufundi zaidi kuliko vitabu aiangalie TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Ina ngazi za cheti na diploma, na wapo waliopitia hapo kwanza ndipo wakapanda chuo kikuu.

2. Maombi na mkopo

Hapa sitakaa sana, kwa sababu Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka, na huo ndio wa kuuamini kuliko mimi. Kwa jumla, wa kidato cha sita anahitaji ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4 kwenda juu, A ikiwa pointi 5 na E pointi 1. D mbili zinakufikisha hapo kwenye karatasi, lakini karatasi ni kitu kimoja na ushindani ni kingine. Wa diploma huangaliwa GPA, kuanzia 3.0. Kila programu ina masomo yake inayoyataka, hivyo tafuta mstari wa programu yako uusome neno kwa neno.

Maombi unayapeleka chuoni moja kwa moja kwenye mfumo wao. Ukichaguliwa vyuo viwili au zaidi, ni lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri unayotumiwa. Usilale siku hiyo.

Mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ni safari nyingine. Kinachowakwamisha wengi ni cheti cha kuzaliwa, ambacho lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, au na mamlaka ya Zanzibar kwa waliozaliwa visiwani. Jina la kwenye cheti likiwa Mwanahamisi na la kwenye matokeo likiwa Mwanahamis, anza kulishughulikia sasa hivi. Wazazi, hii ndiyo kazi yenu: mtafutieni mtoto mdhamini na nyaraka zake mapema, halafu mwacheni ahangaike na mengine.

3. Miezi ya kusubiri: piga picha kwa simu

Kati ya matokeo na kufungua chuo kuna miezi. Wengi huitumia kuwaza kamera watakayonunua. Wewe chukua simu uliyonayo.

Kwa wiki nne, kila siku piga picha moja ya mtu mmoja mahali palepale, saa tofauti. Mwambie bibi au mdogo wako akae barazani. Utaona kwamba saa sita mchana, akiwa juani, macho yake yanageuka mashimo meusi, kwa kuwa jua letu liko karibu na utosi. Msogeze chini ya paa la baraza, ageuzie uso uani kwenye mwanga, na ghafla unamwona. Huo mwanga wa barazani ni bora kuliko taa nyingi utakazokuja kukodi.

Jambo la pili ni ngozi. Kamera inapojipimia mwanga yenyewe hudhani kila kitu mbele yake ni cha kijivu. Mweke mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe: kamera itauona ukuta, itaogopa, itafanya giza, na uso utapotea. Gusa uso kwenye kioo cha simu, shikilia hadi kipimo kijifunge, kisha pandisha au shusha mwenyewe. Pimia uso, ukuta utajijua. Niliwaona wenzangu wa mwaka wa tatu wakikosea hili.

Chagua picha 12 kati ya zote, zipange, na uweze kueleza kwa nini hizo na si nyingine.

4. Mwaka wa kwanza: tafuta watu wanne

Mwaka wa kwanza una masomo ambayo hukuyafuata: DS (masomo ya maendeleo), stadi za mawasiliano, na mengineyo. Usiyadharau. Sapu, yaani mtihani wa marudio, ya DS inauma kuliko sapu ya filamu, kwa sababu utairudia wakati wenzako wako lokesheni.

Lakini kazi yako kubwa mwaka huo ni kutafuta watu wanne. Kamera ni ya kukodi; watu hawakodishwi. Mtafute anayepatana na muda, huyo atakuwa prodyuza wenu. Mtafute anayesikia vitu ambavyo wewe husikii, huyo ni wa sauti. Mwingine wa kuhariri, mwenye subira ya mvuvi. Na mmoja wa kamera, kama si wewe. Vuka mlango uende kwa watu wa tamthiliya, maana waigizaji wako pale wakisubiri mtu wa kuwaita, na kwa watu wa muziki, ambao watakutungia mdundo usiokuletea kesi. Chuo cha umma kina faida hiyo: watu wa kila mkoa wamekaa bure kwenye vimbweta, yale mabenchi ya zege ya chuoni, na hakuna kampuni mjini inayoweza kukukusanyia kundi kama hilo.

Kisha fanyeni kitu kidogo na mkimalize. Dakika moja, bila mazungumzo: mtu amepoteza ufunguo. Mnashuti Jumamosi, mnahariri Jumapili, mnaonesha Jumatatu. Kitakuwa kibaya, onesheni hivyohivyo. Wanaomaliza vitu vibaya sita mwaka wa kwanza huwaacha mbali wale wanaolea wazo moja zuri kwa miaka mitatu.

5. Bumu likiingia

Neno bumu lina maana mbili kwenye fani hii: pesa ya kujikimu ya mkopo, na ule mti mrefu wa kushikia maiki. Ushauri wangu ni kuitumia ya kwanza kununua ya pili.

Usinunue kamera mwaka wa kwanza. Ya idara ipo ya zamu, za kukodi zipo mjini, na simu yako inatosha kujifunzia. Sauti ndiyo inayowaumbua wanafunzi. Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu kidogo, lakini asipomsikia mama analia nini, anaondoka. Anza na maiki ndogo ya kubana kolani, kisha maiki ya kuelekeza na soksi yake ya manyoya kwa ajili ya upepo. Kusi likivuma ufukweni bila soksi hiyo, utaondoka na faili la ngurumo. Ongeza hedifoni za kufunika masikio, na asiyevaa asiruhusiwe kusema "sauti iko sawa".

Taa? Kipande kikubwa cha stairofomu nyeupe, ile ya kufungia friji, kinarudisha mwanga vizuri kabisa. Shuka jeupe lililotundikwa dirishani linalainisha jua. Mimi bado natumia vyote viwili na sioni aibu.

Kama utanunua lenzi, jua kwamba unyevu wa pwani huotesha ukungu ndani ya vioo. Weka vifaa kwenye kasha lisilopitisha hewa pamoja na pakiti za silika, zile za kunyonya unyevu. Mchele hausaidii, upike.

6. Mipangilio ambayo hakuna atakayekukumbusha

Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde hata kama jicho halioni. Kamera nyingi za mtumba zinatoka Japani au Marekani zikiwa zimewekwa NTSC, mfumo wa video wa huko: fremu 30 kwa sekunde na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) ya 1/60. Ukishuti hivyo ndani ya chumba chenye taa za mirija, utapata michirizi inayopanda na kushuka kwenye ukuta, na hakuna programu itakayoifuta yote. Ingia kwenye menyu, weka PAL, mfumo wa huku kwetu, fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50. Fanya hivyo siku ya kwanza unapoishika kamera ya mtu yeyote.

Sauti iwe kilohezi 48, na mtu anapoongea kwa nguvu kipimo kisipite desibeli -12 hivi. Kila mnapomaliza eneo, wote mnyamaze kwa sekunde 30 mrekodi ukimya wa mahali hapo. Mhariri atawashukuru, kwa sababu ukimya wa Sinza si ukimya wa Chamwino.

Kuhusu ukimya: Dar es Salaam haina. Kuna kunguru, bodaboda, jenereta la jirani, na fundi wa kuchomelea ambaye huanza kazi dakika ileile unaposema "endelea". Nenda lokesheni siku moja kabla, saa ileile mtakayoshuti, ukae dakika 20 macho yamefumbwa. Andika saa za adhana. Muulize mwenye nyumba siku ya mgao wa maji, maana pampu nayo ina sauti.

Jua la jioni nalo linakimbia. Karibu na ikweta linashuka wima, na likishazama una kama dakika 20 tu za mwanga wa kutumika. Anayepanga maeneo matatu ya machweo kwa siku moja hajawahi kushuti hapa. Panga moja, na mfanye mazoezi kuanzia saa kumi.

7. Skripti: andika kwa Kiswahili tangu mstari wa kwanza

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo filamu nyingi za chuo hufia.

Tunafundishwa kwa Kiingereza na mitihani ni ya Kiingereza. Pendekezo la filamu unaliandika kwa Kiingereza ili mwalimu alisahihishe, halafu usiku wa kuamkia kushuti unayageuza mazungumzo kuwa Kiswahili. Matokeo yake ni baba mwenye nyumba wa Manzese anayesema, "Ninajisikia vibaya sana kuhusu jambo hili." Nani anaongea hivyo? Baba yule angesema, "Roho inaniuma, bwana." Au angekohoa, akachukua kofia yake, akatoka. Mwigizaji anapewa sentensi ya kwanza, anaisema kama tangazo la benki, na wewe unamlaumu mwigizaji.

Geuza utaratibu. Andika mazungumzo kwanza, kwa Kiswahili cha mtu huyo na si Kiswahili cha mtihani. Bibi wa Pemba haongei kama kijana wa Tandale, na kijana wa Tandale akiongea na mama mkwe wake haongei kama akiwa kijiweni. Nani anamwamkia nani, na nani anaitikia "marahaba" kwa kuchelewa, hiyo peke yake ni drama. Ugomvi wa koo mbili unaweza kukaa wote ndani ya shikamoo iliyokataliwa. Ukishamaliza ya Kiswahili, ndipo utengeneze ya Kiingereza kwa ajili ya mwalimu na baadaye kwa ajili ya maandishi ya chini.

Ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa vizuri ni kama dakika moja ya filamu. Kwa hiyo filamu yako ya kozi isipite kurasa 8. Lokesheni moja, watu wawili, mchana. Ukiona umeandika "msafara wa magari unaingia kijijini", rudi ukafute.

Isomeni kwa sauti kwenye kimbweta, nafasi zote zisomwe na watu ambao hawakuiandika. Kila mahali msomaji anapojikwaa, weka alama. Ulimi wake uko sahihi, wewe ndiye umekosea.

8. Ruhusa

Chukua barua ya idara kabla ya kila mradi. Filamu nchini husimamiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na Bodi ya Filamu ndiyo yenye kibali cha kupiga filamu. Muulize mwalimu mradi wako unaangukia wapi. Droni ina mamlaka yake, TCAA, wale wa usafiri wa anga, kwa hiyo usirushe ya rafiki kwa kuwa tu "inachukua dakika tano". Kaa mbali na kambi za jeshi, vituo vya polisi, bandari na viwanja vya ndege.

Huku mtaani, anza na ofisi ya serikali ya mtaa, kisha mjumbe, kisha majirani. Nenda wewe mwenyewe, na salamu ndefu. Barua yenye mhuri humridhisha mtendaji, lakini ni salamu inayomfanya jirani azime redio.

Waigizaji wote wasaini karatasi ya kukubali, hata kama ni shangazi yako. Muziki usio na ruhusa ya maandishi usiutie. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, wapo. Ndiyo maana nilikwambia uwajue watu wa muziki.

9. Mafaili

Mwaka wa pili tulishuti siku mbili ufukweni, watu watano, nauli zetu wenyewe. Usiku wa pili nilidhani mwenzangu ameshahamisha, nikafomati kadi. Yeye alidhani nimehamisha mimi. Sikula siku ile. Tulirudi wiki iliyofuata, mwigizaji akiwa ameshasuka nywele nyingine.

Tangu hapo: mtu mmoja tu ndiye mwenye mamlaka ya kugusa kadi, na jina lake limeandikwa kwenye ratiba. Kadi iliyojaa inageuzwa na kufungwa gundi nyekundu. Nakala tatu, kwenye diski mbili tofauti, na moja ikalale nyumba nyingine. Kadi haifomatiwi hadi mhariri afungue klipu na kuzitazama, si kuziona majina tu. Piga hesabu mapema pia: video ya megabiti 100 kwa sekunde inakula megabaiti 750 kwa dakika, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 64 inakupa kama dakika 85 tu. Kuhariri, DaVinci Resolve ya bure inatosha digrii nzima, mradi kompyuta iwe na nguvu. Isipokuwa nayo, tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi, uhariri hizo.

10. Fildi

Ukienda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kwenye kituo cha televisheni au kampuni ya uzalishaji, wiki ya kwanza utakunja nyaya. Zikunje vizuri. Kuna namna ya kukunja waya, mzunguko mmoja juu na mmoja chini, usijisokote. Mafundi wakikuona unaijua wataanza kukuita kwa jina. Andika kila jioni ulichokiona, maana ripoti inakuja. Ukipelekwa kupiga harusi au mkutano usinune. Harusi inakufundisha kushika nafasi mapema kwa tukio lisilorudiwa, somo ambalo darasani hakuna.

11. Filamu ya mwisho

Mwaka wa tatu kila mtu anataka filamu kubwa. Wewe fanya ya dakika 10 na kundi lako lilelile. Muhula wa mwisho una mitihani, utafiti na stresi za kutosha. Shuti mapema, likizoni ikiwezekana, kabla ya masika. Bajeti yenu ianze na chakula: chai na vitafunwa saa mbili, wali maharage saa saba, maji siku nzima. Mtu mwenye njaa hashiki bumu juu dakika kumi.

Ikishakamilika, toa nakala mbili, yenye maandishi ya Kiingereza chini na isiyo nayo. Mpe mtu aliyezoea lugha zote mbili ayapitie, kwa sababu "pole" haina tafsiri moja. Kisha itume. Tamasha la filamu la ZIFF hufanyika Zanzibar, Mji Mkongwe, tangu mwaka 1998. FESPACO, tamasha la filamu la Ouagadougou, Burkina Faso, huja miaka isiyogawanyika kwa mbili. Soma masharti yao, hasa kuhusu filamu iliyokwisha kupandishwa mtandaoni, kabla hujabonyeza kitufe cha YouTube kwa furaha.

Na kabla ya tamasha lolote, irudishe filamu kwa yule mama aliyewapa nyumba. Iweke kwenye flashi, nenda nayo mwenyewe, uichomeke kwenye televisheni yake, ukae naye mwangalie wote. Atawaita majirani. Watacheka mahali ambapo hukutegemea, na watanyamaza mahali ulipodhani hapana uzito. Beba daftari.